Ombi la Uniti za Wageni Wanaokuja Kusalimia Mayai

Urban Akonaay,
Bwana Mifugo Mstaafu,
Dongobesh, Mbulu.

18 Julai 2025
Kumb. Na. MAYAI/21/01

Kwa Ofisa Mhusika,
Ruzuku ya Umeme wa Majumbani.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA UNITI KWA AJILI YA WAGENI, AU KUPUNGUZIWA WAGENI KWA AJILI YA UNITI

Ndugu Ofisa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kama kimekushangaza, nakuomba usome hadi mwisho kabla hujamwonyesha mwenzako wa meza ya jirani. Nimefanya kazi ofisini, na najua barua za namna hii huzungushwa wakati wa chai.

Mimi ni ofisa mifugo mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimechanja ng'ombe wa Mbulu na Hanang, nimewahimiza wananchi wafuge kuku kitaalamu, nimeandika taarifa za kuku na kuhudhuria semina za kuku hadi Morogoro. Katika muda wote huo sikuwahi kufuga kuku hata mmoja. Mke wangu, Mectilda, hunikumbusha jambo hilo kila anapokwenda kununua mayai kwa jirani. Mwaka huu nimeanza, na hapo ndipo matatizo yangu na ofisi yako yalipoanzia.

Naomba nitangulize shukrani, usije ukanidhania mtu wa kulalamika tu. Nyumba yetu imo katika kundi la umeme wa bei nafuu, ule wa uniti sabini na tano kwa mwezi. Vitu vingine vyote dukani vimepanda bei, na muuza duka akiulizwa anasema ni umeme, lakini sisi kwetu ruzuku imetushika mkono. Na hatukuwahi hata kuukaribia mstari wenu. Tuna taa nne, redio, televisheni ndogo ya taarifa ya habari, na birika la umeme ambalo Mectilda huliwasha siku za sikukuu. Mwezi ulikuwa unaisha tumetumia uniti kumi, na ninayo daftari ya kuthibitisha.

Sasa nikueleze kuhusu kabati.

Dada yangu mkubwa, Kornelia, ni mjane. Alikuwa na nyumba Jorodom, pale Katesh. Asubuhi ile ya Desemba mwaka juzi, mlima ulipoteremsha tope, yeye alikuwa amekwenda misa ya kwanza. Aliporudi hapakuwa na nyumba, wala banda, wala mti wake wa parachichi. Alichokuta ni kuku watano juu ya paa la jirani, mitetea minne na jogoo, wamelowa na wamekasirika. Hao ni kuku wa marehemu mama yetu, kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wenye madoa. Mama alikuja na mbegu hiyo alipoolewa, na Kornelia naye alipoolewa alipewa mtetea mmoja wa kuanzia. Kila kitu kingine cha mama kimekwenda na tope, hata picha yake.

Tangu hapo Kornelia anaishi kwetu na kuku wake. Mashemeji zake wamempa kiwanja kule Gehandu, nyumba imeshapauliwa, na mwezi wa nane anahamia. Hataki vyombo, hataki kochi. Anataka kuingia kwenye nyumba ile na kuku wa mama, wengi, wadogo, wa kuanza nao. Shida ni kwamba mitetea hao tangu siku ya tope hawaatamii. Wanataga vizuri, halafu wanaondoka zao. Mlango ukigongwa tu wanaruka. Kitaalamu sina maelezo, na wenyewe wanazeeka.

Ndipo nikamwita fundi Lameck. Alichukua kabati la zamani la nguo, akalitoboa matundu, akafunga ndani balbu mbili za aina ile ya zamani inayotoa joto, kipimajoto, na bakuli la maji. Jumapili ya tarehe sita tuliingiza mayai ishirini na manne, kila moja nimeliandika namba kwa penseli. Mayai ya kuku hukaa siku ishirini na moja, na kwa baridi ya Dongobesh ya mwezi wa saba kabati linakula uniti tatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Ni uniti sitini na tatu za mayai na kumi za nyumba, jumla sabini na tatu, na zinabaki mbili za dharura. Niliiandika hesabu hiyo kwenye daftari, nikaipigia mstari kwa rula, nikanunua uniti zote sabini na tano kwa mara moja.

Mectilda alikubali kabati kwa sharti moja. Siku tutakayolazimika kununua uniti ya sabini na sita, kabati linazimwa hata kama vifaranga wameshaanza kugonga ganda. Anasema serikali ikituhamishia kwenye kundi la wakubwa tutazeekea huko. Sio mkali, Ndugu Ofisa. Ndiye mweka hazina wa jumuiya, na ameshawaona watu wengi wakisema ni mara hii tu.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Kwa hesabu yangu mita ilitakiwa ionyeshe zimebaki uniti thelathini na tatu. Inaonyesha ishirini na tatu. Mayai bado yana siku tisa, yaani uniti ishirini na saba, na hapo sijagusa taa. Uniti kumi zimeliwa, na waliozila ninawajua kwa majina. Naomba kuorodhesha malalamiko yangu.

1. Wageni wa pole. Huku kwetu mtu aliyepatwa na jambo hatembelewi mara moja yakaisha. Watu wanarudi, na wanaokuja kutoka mbali wanakuja na wenzao. Mwaka wa pili unakwenda na bado watu wanafika kumpa Kornelia pole, nami sina neno na hilo. Walikuwa wakikaa, wakinywa chai, wakiondoka. Lakini tangu tarehe sita Kornelia anawapeleka kwenye kabati. Anasema walio humo ndio wenzake waliobaki, na mgeni asiyewasalimia hajaisalimia nyumba. Basi mlango unafunguliwa. Mgeni anainama, anasema, "Hamjambo humu?", anangoja kidogo kana kwamba ataitikiwa, kisha anauliza habari za afya, na Kornelia anajibu kwa niaba ya mayai, namba kwa namba. Bibi mmoja aliyapa pole ya baridi. Wakati huo wote joto linatoka, kipimo kinashuka, na balbu zangu zinawaka nusu saa nzima kulirudisha. Jumanne peke yake nilihesabu salamu kumi na saba. Nilibandika karatasi mlangoni: USIFUNGUE, KAZI YA KITAALAMU. Jumatano wakaja ishirini na mbili, kuona ni kazi gani.

2. Getruda na pasi. Huyu ni jirani yetu na kiongozi wa kwaya ya parokia. Pasi yake inaumwa tangu Pasaka. Hivyo kila Jumamosi anakuja na majoho kumi na mawili ya kwaya, anayanyoosha sebuleni kwangu moja baada ya jingine, huku akimweleza Kornelia habari za kila mwenye joho. Pasi ni mnyama mkubwa, Ndugu Ofisa, wewe unaijua. Yeye pia ana ruzuku kama sisi, na uniti zake hazijaguswa. Nilipomgusia kwa adabu, alinijibu kwa adabu zaidi: "Sasa Bwana Mifugo, mimi nikinyoosha kwangu peke yangu, nitaongea na nani?" Baadaye niligundua kwamba pasi yenyewe ni nzima, maana Mectilda aliikuta imechomekwa kwake na inawaka vizuri sana.

3. Mwalimu Rogers. Ni kijana mzuri, ameletwa na serikali kutoka Bukoba kufundisha hisabati, na tangu afike hajapata joto. Anatoka shule, ananipa shikamoo, anachukua kigoda na kukaa ameegemeza mgongo kwenye kabati langu. Hapo anasahihisha madaftari hadi jioni. Kwa sababu ya ukungu wetu anahitaji taa saa tisa mchana, na kwa sababu ya mgongo kuwa na joto na tumbo kuwa na baridi anahitaji birika. Hakatai kosa lake. Kila siku ananikokotolea uniti alizonipotezea, kwa usahihi wa nukta mbili, na ananionyesha njia.

4. Mzee Gidamis. Huyu ni mfugaji wa Gehandu, rafiki yangu wa kikazi. Akija mnadani Dongobesh anapitia kwangu, na shingoni amening'iniza kapu lenye simu kumi na moja za boma zima. Nilimuuliza kulikoni. Akasema, "Mimi nimekuja kukusalimia tu. Hizi zimenifuata." Simu moja haili umeme, hilo nakubali. Lakini kumi na moja zinataka nyaya, nyaya zinataka soketi, na mara mbili sasa soketi iliyochomolewa ili kuzipisha ni ya kabati. Siwezi kumkatalia. Nimechanja ng'ombe wake miaka ishirini, na sijawahi kufika bomani kwake nikaulizwa nimefuata nini kabla sijapewa maziwa. Isipokuwa naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba kuku yeye hawahesabu kuwa mifugo. Alitazama mayai yangu kwa muda, kisha akanionea huruma. Akaniuliza kama ni serikali iliyonifundisha jambo hili.

5. Wageni wakishafika wanne hawaondoki, maana kila mmoja anamngoja mwenzake aage kwanza.

6. Fomu. Mwaka jana alipita binti mmoja wa ofisini na fomu inayouliza nyumba ina wakazi wangapi, nami nikajaza watatu. Nimefikiri upya na naona nilikosea. Siku ya saba nilipima mayai yote kwa tochi kama nilivyofundisha watu kupima, na matatu hayakuwa na kitu. Niliyatoa, kwa uaminifu. Yaliyobaki ishirini na moja yana mishipa, yana macho, na moyo unauona ukidunda. Wanaishi ndani ya nyumba yangu, wanatumia umeme kuliko mtu yeyote, wanatembelewa kuliko mimi, na wanapewa pole. Wanachokosa ni nafasi kwenye fomu yako. Nyumba ya watu ishirini na wanne kupewa uniti sawa na nyumba ya watu watatu si haki, na naamini hata wewe ukiwa umetulia nyumbani utaliona hilo.

Kutokana na hayo, ninaomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo, ikianzia inapoweza.

Kwanza, kila Mtanzania apewe uniti chache za kutembea nazo. Akiingia nyumba ya mtu, mita ikate kwake badala ya kukata kwa mwenyeji. Wataalamu mnao, na kama simu inajua mtu yuko wapi, sioni kwa nini mita ishindwe.

Kama hilo litachukua muda, basi pole itolewe kwa ujumbe wa simu, isizidi maneno thelathini, kuanzia leo hadi tarehe ishirini na saba. Mwenye ulazima wa kufika mwenyewe apate kibali cha mwenyekiti wa kitongoji, kinachoonyesha amesharidhika na hali yake ya kiafya, pasi yake, na joto la mgongo wake.

Kama nalo halitawezekana, nitumieni mkaguzi mwenye sare akae mlangoni kwangu kwa siku tisa. Atakuwa mbali na nyumbani kwake, kwa hiyo tutalazimika kumpa chai, na Kornelia atampeleka kusalimia mayai. Naomba awe mkaguzi wa aina isiyosalimia. Kama hamna mkaguzi wa aina hiyo, niandikieni nitafute mkaguzi wa kumlinda.

Na mwisho kabisa, kama yote yamewashinda, ofisi yako itoe barua yenye muhuri inayowaamuru wageni wasifike nyumbani kwangu. Nitaibandika. Mimi mwenyewe siwezi kuwaambia. Nimejaribu. Juzi nilimsogelea Getruda nikiwa nimejiandaa, nikajikuta namwekea maji ya chai.

Naandika kwa mzaha kidogo kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini ombi ni la kweli. Kornelia ana miaka sabini na mmoja. Kila asubuhi anaweka kiganja juu ya kabati kabla hajanawa uso. Kama likizimwa kabla ya tarehe ishirini na saba, atasema si kitu, ataniambia nisijisumbue, na atakwenda Gehandu mikono mitupu. Nisingependa kuiona siku hiyo, na nisingependa iletwe na pasi.

Nawasalimu wote ofisini, kuanzia wewe hadi mlinzi wa getini, na mtoto yeyote anayeletwa kazini kwa kukosa wa kumwangalia. Mectilda anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia. Kornelia anakusalimu na anauliza kama kwenu nako kuna baridi. Ishirini na moja hawajaanza kusalimu, lakini wanageuzwa mara tatu kwa siku na hawajambo.

Ni mimi, mwananchi wako wa uniti sabini na tano, ninayesubiri jibu nikiwa nimeshikilia mlango wa kabati,

Urban Akonaay

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji (aisome akiwa kwake, asije kuniuliza).

Nyongeza, tarehe 1 Agosti

Ndugu Ofisa,

Barua hii ilikuwa ije kwa mkono wa Mwalimu Rogers, aliyekuwa na safari ya Babati Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Hakusafiri. Naomba nieleze sababu, halafu utaamua mwenyewe ufanye nini na kurasa zilizotangulia.

Alhamisi tarehe ishirini na nne, saa sita mchana, upepo uliangusha mkaratusi juu ya waya wa umeme huko njiani. Mtaa mzima ulizimika. Hakuna wa kulaumiwa, mti ni mti. Mafundi walisema waya umekatika sehemu tatu na nguzo imelala, kwa hiyo tusubiri hadi Jumatatu. Kabati lilikuwa katika siku ya kumi na nane.

Nilifanya yote niliyofundisha watu. Nilifunika kabati kwa mablanketi, nikaweka chupa za maji ya moto. Saa nane kipimo, kinachotakiwa kuwa nyuzi thelathini na saba, kilikuwa ishirini na tisa na kinaendelea kushuka, na nje ukungu umekaa mlangoni. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa kukuambia kwamba nililia.

Kornelia hakulia. Alifungua kabati, akachukua mayai matatu, akayafunga kwenye kitambaa, akayatia kifuani ndani ya sweta. Halafu alikwenda mlangoni akamwita Getruda kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto.

Getruda alikuja na kwaya. Walikuwa mazoezini. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja akapewa yai moja, na kila mmoja akaliuliza hali yake kabla ya kuliweka kifuani, na safari hii niliwangoja wamalize. Mectilda alichukua mawili bila kunitazama. Mwalimu Rogers alichukua moja, akaliweka kwapani chini ya makoti yake mawili, na kwa siku mbili alifundisha hisabati mkono mmoja ukiwa umebana ubavuni. Ndiye aliyekataa kupanda gari la Babati, kwa hofu kwamba makorongo ya njiani yangelipasua yai. Mimi nilichukua moja. Yalibaki mawili.

Mzee Gidamis alikuwa amekuja mnadani. Alikuwa amesimama na kapu lake la simu, akitazama watu wazima wakiingiza mayai ndani ya nguo. Akaniuliza nani amebaki. Nikamwambia namba nne na namba kumi na tisa. Akaweka kapu chini, akafungua shuka, akasema, "Leta. Lakini usimwambie mtu wa Gehandu." Hakurudi kwake siku ile. Alilala kwetu siku tatu amekaa wima karibu na jiko, na ng'ombe wake wakauzwa na mpwa wake.

Kitaalamu nitakueleza kwamba yai la siku ya kumi na nane limeshaanza kutengeneza joto lake, halihitaji tena kugeuzwa, linachohitaji ni kutoachwa lipoe. Hilo nililijua. Sikujua kwamba watu wale walikuwa wanajua kila yai kwa namba. Wameyasalimia wiki tatu, Ndugu Ofisa. Getruda alinikumbusha kwamba namba kumi na moja huwa linaelekea kupoa upande mmoja, na ni kweli.

Jumapili tarehe ishirini na saba, katika misa ya pili, kwaya ilikuwa inaimba Utukufu. Sauti ya kwanza ikayumba, kisha ikanyamaza, kisha kikalia kifaranga. Padri aliinua kichwa. Kikalia cha pili, upande wa sauti ya tatu. Getruda aliendelea kuongoza kwa mkono mmoja, na wa pili ameushika kifuani, machozi yanamtoka. Hadi jioni walikuwa wametotolewa kumi na tisa. Wawili wa Mzee Gidamis wametoka wote wawili. Mayai mawili hayakufaulu: moja la mwimbaji aliyeteleza kwenye matope, na jingine ni langu mimi, mtaalamu wa miaka thelathini na mmoja. Mectilda amesema hatalisema mbele ya watu, na amelisema mara nne.

Tuliwaweka vifaranga chini sebuleni, juu ya gunia. Mtetea mmoja wa Kornelia, yule mwenye doa jeupe mgongoni, aliingia kutoka uani akasimama anawatazama. Mlango uligongwa, na hakuruka. Alikaa chini akafungua mabawa, nao wakaingia. Kornelia aliniambia nitoke, nami nikatoka.

Umeme ulirudi Jumatatu. Jana, mwisho wa mwezi, nilisoma mita. Tumetumia uniti sabini na tatu, kama nilivyoandika kwenye daftari na kupiga mstari kwa rula. Zilizobaki ni mbili za dharura. Kwa hiyo nafuta maombi yangu yote. Mkaguzi asije. Barua ya muhuri isiandikwe. Kuhusu fomu, rudisha watatu, na mwezi huu andika wawili.

Kornelia anahamia Gehandu kesho Jumamosi na kuku ishirini na wanne, wadogo kwa wakubwa. Mzee Gidamis ndiye jirani yake wa kwanza. Ameshapiga simu mara tatu, zote kwa simu tofauti, kuuliza kama namba nne anakula. Getruda amekodi gari la kwaya nzima, Mwalimu Rogers ameomba ruhusa shuleni, na Mectilda anapika tangu juzi. Nyumba hapa itakuwa kimya sana.

Nimebaki na ombi moja dogo, na ninaliandika kwa heshima zote. Nyumba mpya ya Kornelia imefungwa umeme wiki hii, nayo imewekwa kwenye kundi la uniti sabini na tano. Naomba umwongezee kidogo. Tutakwenda kumtembelea mara kwa mara, sisi sote, na mimi nimeshaweka kwenye mkoba simu yangu, birika, na pasi.

U.A.